Jua katika Visasili: Ra wa Misri na Ruwa wa Kilimanjaro

FASIHI SIMULIZI – KIDATO CHA NNE
Mada ndogo: Ishara katika visasili

Utangulizi

Mtahiniwa, ukiwa Mkolani, kando ya barabara itokayo Mwanza mjini kwenda Shinyanga, asubuhi unaliona jua likichomoza upande wa nchi kavu na jioni unaliona likizama ng'ambo ya Ghuba ya Mwanza. Kila siku ni hilohilo. Kwa sababu umelizoea, ukiulizwa katika mtihani "Jua linaashiria nini katika kisasili ulichosoma?" ni rahisi kuandika haraka: "Jua linaashiria mwanga" au "Jua linaashiria uhai."

Majibu hayo si ya uongo. Ubaya wake ni kwamba yanaweza kuandikwa na mtu ambaye hajasoma kisasili chochote. Mtahini anataka kuona kwamba umekisoma na umekielewa. Katika somo hili tutachambua visasili viwili vya jua, kimoja cha Misri ya Kale na kingine cha Wachaga wa Kilimanjaro. Jua ni moja, lakini maana zake ni tofauti, kwa sababu kila jamii ililitumia kujibu swali lililoisumbua yenyewe.

Baada ya kusoma somo hili uweze:
(a) kueleza tofauti kati ya taswira na ishara;
(b) kusimulia kwa ufupi visasili viwili vya jua;
(c) kutaja ishara zilizomo na kuthibitisha maana zake kwa matukio ya hadithi;
(d) kulinganisha visasili vya jamii mbili bila kuchanganya mambo;
(e) kuandika insha yenye hoja na ushahidi.

1. Mambo ya kukumbuka kwanza

Kisasili ni hadithi ya kale inayoeleza asili ya ulimwengu, ya watu, ya matukio ya maumbile au ya imani na desturi za jamii. Jamii yenyewe huichukulia kuwa ya kweli. Hapo ndipo kisasili kinapotofautiana na ngano. Ngano husimuliwa kwa kuburudisha na kuadilisha, na wote waliokaa kusikiliza wanajua kwamba sungura hasemi.

Taswira ni picha inayojengeka akilini mwa msikilizaji au msomaji kutokana na maneno yaliyotumika.

Ishara ni kitu, kiumbe, mahali, rangi au tendo linalotumika kuwakilisha wazo jingine.

Mfano: msimulizi akisema "walikuja watu wanaong'aa kama moto", hiyo ni taswira, kwa kuwa unawaona. Mng'ao huo ukiwa unaonyesha kwamba watu hao hawafikiwi tena na kifo, umekuwa pia ishara.

Zingatia: Fasihi haikutaki uamini kisasili, wala haikuruhusu ukidharau. Usiandike kwamba "watu wa kale walikuwa wajinga, ndiyo maana waliabudu jua." Sentensi hiyo haichambui chochote. Jiulize badala yake: watu hawa walikuwa wanaogopa nini, na walikuwa wanatafuta nini, hata wakalisimulia jua kwa namna hii?

2. Kisasili cha kwanza: Safari ya Ra

Misri ya Kale ilikuwa nchi ya mto mmoja. Mvua zilikuwa haba, na maisha yalitegemea Mto Nile. Nile Nyeupe hutoka katika ziwa letu hili la Victoria, pale Jinja nchini Uganda, ingawa mafuriko ya kila mwaka yaliyorutubisha mashamba ya Misri yalitokana zaidi na mvua za nyanda za juu za Ethiopia. Mto ulikuwa ndiyo njia kuu ya usafiri. Kwa hiyo Wamisri walipomsimulia mungu wao wa jua, Ra, hawakumpa mabawa peke yake wala gari. Walimpa mashua.

Kisasili, kwa ufupi, kinasema hivi. Kila asubuhi Ra huchomoza mashariki akiwa kijana anayeitwa Khepri. Adhuhuri huwa Ra mwenye nguvu kamili, akipita katikati ya anga ndani ya mashua ya mchana. Jioni huwa mzee anayeitwa Atum, akielekea magharibi. Jua linapozama, Ra hafi. Huhamia kwenye mashua ya usiku na kuingia ulimwengu wa chini, mahali pa wafu. Huko hupita milango na hatari nyingi. Hatari kubwa kuliko zote ni Apep, joka linalotaka kuizuia mashua na kulimaliza jua. Miungu iliyomo ndani ya mashua, akiwemo Seth anayesimama mbele, hupigana nalo. Joka hushindwa, na Ra huchomoza tena. Lakini Apep haangamii moja kwa moja. Usiku unaofuata atakuwepo tena, na vita vitapiganwa upya.

Wamisri waligawa mchana saa kumi na mbili na usiku saa kumi na mbili. Mtumiaji wa Kiswahili anauelewa mgawanyo huo kwa urahisi, kwa sababu sisi pia huanza kuhesabu saa za mchana jua linapochomoza na saa za usiku linapozama. Kitabu chao cha Amduat, kilichochorwa katika kuta za makaburi ya wafalme, kinaeleza safari ya Ra saa kwa saa. Saa ya kwanza anaingia gizani. Saa ya sita, usiku wa manane, anaungana na Osiris, mungu wa wafu, na hapo anapata nguvu mpya. Saa ya saba anakabiliana na Apep. Saa ya kumi na mbili anatoka akiwa Khepri. Angalia mpangilio huo: nguvu mpya inapatikana mahali penye giza kuu, kisha ndipo vita vinakuja.

Kisasili kingine cha Misri kinaeleza asili ya binadamu: watu walitokana na machozi ya mungu wa jua. Katika lugha ya Kimisri ya kale neno la "watu" na neno la "machozi" yalifanana kwa sauti, na kisasili kikajengwa juu ya ufanano huo. Hapa unaona kazi ya lugha katika kuzaa hadithi.

3. Ishara katika kisasili cha Ra

(a) Mashua. Huwakilisha mwendo usiokatika wa siku na wa maisha. Ushahidi: Ra hasimami. Akitoka kwenye mashua moja anaingia nyingine.

(b) Mbawakawa anayeviringisha donge la kinyesi. Khepri alichorwa kwa umbo la mdudu huyu. Wamisri walimwona akisukuma donge lake ardhini na wakaona watoto wake wakitoka ndani ya donge. Huwakilisha uhai unaojizaa upya. Ushahidi: Khepri ndiye Ra wa asubuhi, baada ya usiku.

(c) Kichwa cha kipanga. Ra alichorwa akiwa na mwili wa mtu na kichwa cha kipanga, juu yake duara la jua. Kipanga huruka juu na kuona mbali. Huwakilisha ukuu na uangalizi.

(d) Nyoka. Ishara hii huwachanganya wengi, kwa sababu ina sura mbili. Duara la jua lililo kichwani mwa Ra limezungukwa na swila, naye ni mlinzi anayewatemea moto adui. Apep naye ni nyoka, lakini anawakilisha vurugu na uharibifu. Kiumbe ni kilekile na maana zinapingana. Hivyo ukiandika "nyoka anaashiria uovu" utakuwa umekosea nusu. Maana ya ishara hutolewa na nafasi yake katika hadithi.

(e) Maat. Huyu ni binti wa Ra, aliyechorwa akiwa na unyoya wa mbuni kichwani. Aliwakilisha ukweli, haki na utaratibu. Ushindi wa Ra dhidi ya Apep ni ushindi wa utaratibu dhidi ya vurugu.

Sasa uliza swali letu: Wamisri waliogopa nini? Waliogopa utaratibu wa dunia kuvunjika, yaani mto usifurike kwa wakati, njaa iingie, nchi ikose mtawala. Kisasili kinawajibu kwamba utaratibu upo, lakini unalindwa kila usiku. Haujiendeshi wenyewe.

Jibu hilo liliwafaa pia watawala. Kuanzia nasaba ya nne, zaidi ya miaka 4,500 iliyopita, wafalme wa Misri walianza kujiita "Mwana wa Ra". Maana yake ni kwamba anayempinga mfalme anasimama upande wa Apep. Baadaye mfalme Akhenaten, aliyetawala takribani mwaka 1353 hadi 1336 KK, aliibadili kabisa ishara ya jua. Aliamuru aabudiwe Aten, yaani duara la jua lenyewe. Katika michoro yake hakuna mashua wala joka. Kuna duara lenye miale inayoishia katika mikono, na mikono hiyo inampa uhai mfalme na familia yake. Alipokufa, dini ya zamani ilirudishwa, na mfalme kijana aliyefuata muda mfupi baadaye alibadili jina lake kutoka Tutankhaten kuwa Tutankhamun. Jifunze hapa kwamba ishara inaweza kubadilishwa maana na mwenye mamlaka.

4. Kisasili cha pili: Mtu aliyekwenda kumpiga Ruwa mshale

Masimulizi ya Wachaga yaliandikwa na watu kadhaa mwanzoni mwa karne ya 20, akiwemo Bruno Gutmann, mmisionari Mjerumani aliyefika Kilimanjaro mwaka 1902. Katika Kichaga neno Ruwa, ambalo pengine huandikwa Iruwa, lina maana mbili: jua, na Mungu. Soma kisa hiki kwa makini.

Palikuwa na mtu aliyezaa watoto wa kiume, na wote wakafa, mmoja baada ya mwingine. Alipomzika wa mwisho, uchungu uligeuka hasira. Akasema, "Ruwa ana kisa gani na mimi hata awamalize wanangu wote? Nitakwenda nimpige mshale." Akaenda kwa mfua chuma, akafuliwa vichwa vya mishale. Akajaza podo, akachukua upinde, akaondoka kuelekea mwisho wa dunia, mahali jua linapochomoza.

Alifika kwenye uwanda mpana wenye lango na njia nyingi, nyingine zikipanda mbinguni, nyingine zikishuka duniani. Akangoja. Kabla ya mapambazuko alisikia vishindo vya miguu mingi na sauti zikihimiza lango lifunguliwe ili mfalme apite. Wakatokea watu wanaong'aa kama moto. Ule ujasiri aliotoka nao nyumbani ukamwisha, akajificha vichakani. Katikati ya msafara akapita Mwenye Kung'aa mwenyewe.

Mara waliotangulia wakasimama. Walisikia harufu ya mtu wa duniani. Wakamtafuta, wakampata, wakampeleka mbele ya Ruwa. Akaulizwa ametoka wapi na anataka nini. Akajibu kwamba ni huzuni tu iliyomtoa nyumbani, alitaka akafie porini. Ruwa akamwambia, "Lakini ulisema unataka kunipiga mshale. Haya, piga." Mtu yule hakuthubutu.

"Basi unataka nini kwangu?" "Wewe unajua, Mkuu, hata nisipotamka."

Ruwa akamwonyesha watoto wake. Walikuwa pale wote, wazuri, wanang'aa, hata baba yao akawatambua kwa shida. Akaambiwa awachukue. Akawatazama, akasema, "Hapana, Mkuu. Hawa sasa ni wako. Kaa nao."

Ruwa akamwambia arudi nyumbani, na njiani aangalie vizuri, kwani atakuta kitu cha kumfurahisha. Alikuta pembe za ndovu nyingi, majirani wakamsaidia kuzibeba, akawa tajiri. Akazaa watoto wengine, nao wakaishi wakakua.

5. Ishara katika kisasili cha Ruwa

(a) Jua (Ruwa). Linawakilisha mamlaka yanayojua kila kitu na yanayoweza kuulizwa. Ushahidi: Ruwa alijua maneno yaliyosemwa mbali naye, lakini hakumwadhibu aliyeyasema. Alimpa nafasi ya kupiga.

(b) Mshale. Huwakilisha hasira ya mfiwa na swali lake "kwa nini mimi?" Ushahidi: ulifuliwa baada ya msiba wa mwisho, ukabebwa safari nzima, na haukurushwa. Swali lilipopata mtu wa kulisikiliza, silaha haikuhitajika tena.

(c) Mahali jua linapochomoza. Ni mpaka kati ya walio hai na wasioonekana. Ushahidi: ndipo penye lango na njia za kupanda na kushuka.

(d) Harufu. Inaonyesha umbali uliopo kati ya binadamu na utukufu. Mtu alijificha macho yasimwone, lakini ubinadamu wake haukufichika.

(e) Mng'ao wa watoto. Unaonyesha kwamba wamevuka kifo. Hapa ndipo penye kiini cha kisasili. Baba hakunyang'anywa watoto mara ya pili. Yeye mwenyewe, kwa hiari, aliwaacha.

(f) Pembe za ndovu. Huwakilisha faraja na utajiri. Katika karne ya 19 pembe zilikuwa bidhaa kubwa katika biashara ya misafara kati ya Kilimanjaro na pwani. Leo kuzimiliki bila kibali ni kosa la jinai. Ishara ya utajiri hubeba alama ya wakati wake.

Uliza tena swali letu: jamii hii ilisumbuliwa na nini? Ilisumbuliwa na vifo vya watoto. Kisasili hakisemi kwamba kifo kitaondolewa, wala hakimkemei mzazi kwa kukasirika. Kinamruhusu aulize, kinamwonyesha kwamba watoto wapo mahali pema, kisha kinamrudisha nyumbani kuendelea kuishi.

Zingatia pia desturi inayoendana na imani hiyo. Maandishi ya zamani kuhusu Wachaga yanaeleza kwamba mtu alipoliona jua likichomoza alitema mate kuelekea kwake na kuomba ulinzi. Kwa mgeni, kutema mate ni dharau. Kwa Wachaga wa wakati ule mate yalikuwa ishara ya baraka. Usitafsiri tendo la jamii kabla ya kujua linamaanisha nini kwa wenyewe.

6. Jua katika jamii nyingine za Tanzania

Wairaqw wa Mbulu na Karatu humwita Mungu Looa, na neno hilo ni jua. Wao humsimulia Looa kama mama, si baba wala mfalme. Wanyamwezi, ndugu wa karibu wa Wasukuma, walikuwa na majina kadhaa ya Mungu Mkuu: Likube, Limatunda (Muumba), Liwelelo (ulimwengu) na Limi (jua). Kama nyumbani kwenu mnazungumza Kisukuma, huenda baadhi ya majina hayo si mageni kwako. Kwa Wanyamwezi jua lilikuwa jina moja kati ya mengi, si jina pekee.

Kwa hiyo epuka kuandika "Waafrika waliamini kuwa jua ni Mungu." Taja jamii, taja jina, kisha eleza. Hata kwa Wachaga, angalia hadithi yenyewe: Ruwa hupita langoni, huongoza msafara, huzungumza. Ni zaidi ya duara unaloliona angani.

7. Tahadhari: Ra na Ruwa

Majina Ra na Ruwa yanakaribiana kwa sauti, na wapo wanaodai kwamba huo ni uthibitisho kuwa Wachaga walitoka Misri. Usiliandike dai hilo katika mtihani. Tazama maneno ya jua katika lugha nyingine za Kibantu:

Kichaga: ruwa
Kizigua: zuwa
Kikuyu: riua
Kinyarwanda: izuba
Kiswahili: jua

Maneno haya yana asili moja, na sauti zake zilibadilika kidogo kidogo kadiri lugha zilivyoachana. Kwa maneno mengine, ndugu wa Ruwa ni neno jua unalolitamka kila siku. Kimisri cha kale hakimo katika ukoo wa lugha za Kibantu. Kufanana kwa sauti za maneno mawili mafupi hakutoshi kuthibitisha undugu. Kinachothibitisha ni mfululizo wa maneno yanayofanana kwa utaratibu, kama hayo matano.

Jambo jingine la kukumbuka: wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig walipotafsiri mafundisho ya Kikristo kwa Kichaga walilitumia jina Ruwa kumtaja Mungu. Jina lilibaki, mafundisho yakabadilika. Huo ni mfano mwingine wa ishara kupewa maana mpya.

8. Ulinganishi kwa ufupi

Kufanana:
– Visasili vyote viwili vinalipa jua hadhi ya mfalme mwenye msafara.
– Vyote vinahusisha jua na walio kufa.
– Katika vyote, macheo ni wakati wa jambo kubwa kutokea.

Kutofautiana:
– Kwa Ra, hatari iko usiku na adui ni joka. Kwa Ruwa hakuna adui, aliyekuja na silaha ni mtu mwenye majonzi.
– Ra hupigana ili utaratibu wa dunia uendelee. Ruwa husikiliza na kufariji mtu mmoja.
– Kisasili cha Ra hurudiwa kila usiku. Kisa cha Ruwa hutokea mara moja na humalizika.
– Kisasili cha Ra kilitumika kukuza mamlaka ya mfalme. Kisa cha Ruwa kinamweka mbele mzazi wa kawaida asiyetajwa hata jina.

9. Swali la mfano

"Kwa kutumia kisasili kimoja ulichosoma, jadili namna ishara zilivyotumika kuwasilisha ujumbe. Toa hoja tatu."

Jibu la mfano

Ishara ni kitu, kiumbe, mahali au tendo linalotumika kuwakilisha wazo jingine. Katika kisasili cha Wachaga kuhusu mtu aliyekwenda kumpiga Ruwa mshale, ishara zimetumika kueleza namna binadamu anavyoukabili msiba. Hoja zifuatazo zinathibitisha.

Kwanza, mshale umetumika kuashiria hasira na maswali ya mfiwa. Mhusika alifiwa na watoto wake wote ndipo akaenda kwa mfua chuma kutengenezewa silaha. Aliubeba mshale hadi mwisho wa dunia, lakini alipoambiwa apige hakuthubutu. Ujumbe ni kwamba hasira ya msiba ni ya kweli, lakini haiwezi kumrudisha aliyekufa.

Pili, jua limetumika kuashiria mamlaka yenye kujua na kuhurumia. Ruwa aliyajua maneno ya mtu yule, lakini badala ya kumwadhibu alimuuliza anataka nini. Ujumbe ni kwamba mwenye mamlaka ya kweli humsikiliza hata aliyekuja na malalamiko.

Tatu, mng'ao wa watoto umetumika kuashiria maisha yaliyovuka kifo. Baba alipowaona wanang'aa aliwatambua kwa shida, na akaamua mwenyewe kuwaacha kwa Ruwa. Ujumbe ni kwamba faraja huja mtu anapokubali kuachilia, kisha akaendelea na maisha. Ndiyo maana mhusika alirudi nyumbani, akapata mali na watoto wengine.

Kwa ujumla, ishara katika kisasili hiki hazikuwekwa kwa urembo. Kila moja inabeba sehemu ya ujumbe, na zote kwa pamoja zinamfariji aliyefiwa.

Angalia: kila hoja ina sehemu tatu, yaani ishara, tukio la hadithi, na ujumbe. Ukikosa tukio, hoja yako imekosa mguu wa kusimamia.

10. Makosa ya kuepuka

(i) Kusimulia hadithi nzima badala ya kujadili. Tukio moja kwa kila hoja linatosha.
(ii) Kutoa maana moja kwa ishara yenye maana mbili, kama nyoka katika kisasili cha Ra.
(iii) Kuhamisha maana ya jamii moja kwenda nyingine.
(iv) Kuchanganya methali na kisasili. Methali "Mchumia juani hulia kivulini" inalitaja jua, lakini hapo jua linawakilisha taabu ya kazi, si Mungu.

11. Maswali ya kujipima

1. Eleza tofauti kati ya taswira na ishara. Toa mfano mmoja wa kila kimoja kutoka kisasili cha Ruwa.
2. "Nyoka katika kisasili cha Ra ana sura mbili." Fafanua.
3. Kwa nini Wamisri walimpa mungu wa jua mashua?
4. Je, mtu aliyekwenda kumpiga Ruwa mshale alishindwa au alishinda? Tetea jibu lako kwa hoja mbili.
5. Wavuvi wa dagaa katika Ziwa Victoria huvua kwa taa usiku wa giza, na mwezi ukiwa mkubwa hupungukiwa na samaki. Dagaa hao huanikwa juani, na mvua ikinyesha mfululizo huharibika. Tunga kisasili kifupi, aya mbili, ambacho jamii hiyo ingeweza kukisimulia kuhusu jua na mwezi. Kisha eleza ishara mbili ulizotumia.

Mwongozo wa majibu

Swali la 1: Taswira ni picha akilini, mfano watu wanaong'aa kama moto. Ishara huwakilisha wazo, mfano mshale kwa hasira ya mfiwa.

Swali la 2: Swila wa kichwani mwa Ra ni mlinzi. Apep ni adui na huwakilisha vurugu.

Swali la 3: Nile ilikuwa njia kuu ya usafiri. Kisasili hutumia vitu vya maisha ya jamii yake.

Swali la 4: Majibu yote mawili yanakubalika yakiwa na ushahidi. Anayesema alishindwa atataja mshale usiorushwa na watoto wasiorudi. Anayesema alishinda atataja kwamba alisikilizwa, aliwaona wanawe, na aliamua mwenyewe.

Swali la 5: Hakikisha maana za jua na mwezi zinatokana na kazi ya wavuvi. Kwao giza si adui kama lilivyokuwa kwa Ra, kwa sababu ndilo linalowapa samaki, na jua ndilo linalowahifadhia walichopata. Ukiandika kwamba giza linaashiria uovu, rudi usome sehemu ya 3(d), kisha uandike tena.